Miaka 19 au miaka 22? Jibu kwa msomaji wa Makorora anayesubiri drafti

"Shikamoo kaka. Tuko vijana sita hapa Makorora, Tanga, tunacheza ligi moja ya Basketball GM, ule mchezo wa kompyuta wa kuendesha timu ya kikapu. Faili liko kwa mwenzetu mmoja, kila mtu ana timu yake, na timu zilizobaki zinaendeshwa na kompyuta. Drafti inayokuja, ile zamu ya timu kuchagua vijana wapya, nachagua wa nne, na nina hakika nitawakuta wawili: gadi wa miaka 19, uwezo wa sasa 42, kilele 62, na senta wa miaka 22, uwezo wa sasa 50, kilele 57. Nyota wangu ana miaka 29, uwezo 68, mkataba wake umebaki misimu miwili. Msimu uliopita aliumia mapema, tukamaliza karibu na mkia. Waliobaki kikosini ni wa kawaida tu. Wenzangu wote wanasema mdogo huchukuliwa siku zote, hakuna haja ya kuumiza kichwa. Ni kweli? Na je, hesabu ni hiyo hiyo kwenye Top Eleven, ule wa kuendesha timu ya mpira wa miguu, maana naicheza pia kwenye simu?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu lenyewe ni fupi: mchukue gadi wa miaka 19, kisha muuze nyota wako kabla msimu haujaanza. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Ukifanya la kwanza ukaacha la pili, afadhali ungemchukua senta. Lakini sababu wanayokupa wenzako siyo, na ndiyo maana sitaki kukuacha na jibu tupu. Mtu anaweza kuchagua vizuri mwaka huu kwa sababu mbovu, na mwakani sababu hiyo hiyo ikamtosa baharini.

Tuanze na hicho kilele. Wengi wakiona 62 hudhani ni namba iliyofichwa ndani ya mchezaji tangu anatengenezwa, kwamba kijana anatembea kuelekea huko na atafika mradi atunzwe. Katika Basketball GM haiko hivyo. Programu inachukua vitu viwili hasa, uwezo alionao leo na umri wake, kisha inakadiria wachezaji wa namna hiyo huweza kufika wapi wakikomaa. Jawabu la makadirio hayo ndilo 62. Msimu ukiisha, kijana akipanda au akishuka, hesabu inapigwa upya na kilele kinabadilika. Hakuna kamba inayomvuta kwenda 62, wala hakuna dari la kumzuia asipite. Huyo gadi anaweza kuishia 47 akawa mtu wa benchi, na anaweza kufika 72 akawa mfalme wa ligi yenu. Kwa vyovyote vile, 62 ya siku ya drafti haitakuwa imemsaidia wala kumzuia.

Sasa angalia kinachofuata. Kama kilele kimepatikana kutokana na uwezo na umri, basi umri umo ndani yake tayari. Zile pointi tano za tofauti kati ya 62 na 57 ndizo faida ya ujana wa gadi wako, zimekwisha kulipwa, ziko mezani. Anayesema "ana 62, halafu tena ni mdogo" anamlipa kijana mara mbili kwa miaka ile ile. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi katika ligi za marafiki. Utamkuta mtu anampita mchezaji wa miaka 22 mwenye 53 na kilele 63, anamchukua wa miaka 19 mwenye 40 na kilele 60, kisha anajitetea kwamba "ana muda". Muda huo umekwisha kuhesabiwa! Hata baada ya kuhesabiwa, makadirio yake bado yako chini, na leo uwanjani hana msaada wowote. Kanuni ya "mdogo siku zote" ingekufanya umchukue huyo.

Kwa hiyo ukishaviona vilele viwili, umri usiupe alama za ziada. Kuna mambo mengine umri unakwambia, ambayo kilele hakiyasemi, na hayo ndiyo ya kupimwa.

La kwanza ni upana wa yanayoweza kutokea, na hapa ndipo gadi wako anaposhinda. Senta wa miaka 22 mwenye 50 unamjua. Atakuwa 54, labda 57, labda atabaki pale pale. Mchezo huu huwakuza vijana kwa kasi hadi miaka 20 hivi, kasi hupungua wakiwa 21 na 22, na kuanzia 23 hadi 25 wengi husogea kidogo tu. Juu ya hapo kuna bahati nasibu ya kila msimu, na kwa vijana bahati hiyo haikugawanywa sawasawa: anaweza kushuka kidogo, lakini akipanda anaweza kuruka mbali sana. Kadiri umri unavyosogea, milango ya kuruka inafungwa. Gadi wako ana misimu kadhaa ya kupita katika milango hiyo. Senta amebakiwa na michache.

Je, upana ni jambo jema? Inategemea mchezo. Mpira wa kikapu una watu watano tu uwanjani, na mtu mmoja bora anaweza kucheza dakika 36 au zaidi kati ya 48. Basketball GM imelizingatia hilo: inapokadiria nguvu ya timu, mchezaji bora ana uzito kuliko wa pili, wa pili kuliko wa tatu, uzito unateremka hivyo hadi wa kumi. Mchezaji mmoja wa 72 anakufaa kuliko wawili wa 57. Timu inayotaka ubingwa haitafuti watu wa kawaida wengi, inatafuta yule mmoja. Senta wako ana nafasi ndogo mno ya kuwa yule mmoja. Gadi ana nafasi ndogo pia, nisikudanganye, lakini ipo. Na akishindikana, hasara yako ni ipi? Mchezaji wa 50 unaweza kumpata sokoni. Mchezaji wa 72 hakuna atakayekupa.

Jambo la pili ni mkataba, na hapa senta anashinda wazi. Anayechaguliwa raundi ya kwanza anapata mkataba wa misimu mitatu kwa mshahara mdogo. Wa raundi ya pili, misimu miwili. Senta wako atakutumikia kwa bei ya chini kuanzia miaka 22 hadi 25, yaani miaka ambayo anaujua mchezo. Gadi atakula misimu hiyo mitatu akiwa anajifunza, na siku anayoanza kung'ara ndiyo siku anayodai mshahara mkubwa. Katika NBA yenyewe, ligi ya kikapu ya Marekani, mkataba wa raundi ya kwanza unaweza kufika misimu minne, miwili ya uhakika na miwili kwa hiari ya timu, kwa hiyo kule maumivu haya yanapungua kidogo. Kwenye mchezo wenu kuna nafuu nyingine: mchezaji anayemaliza mkataba wake wa kwanza huwa radhi zaidi kubaki na timu iliyomchagua. Kwa hiyo utambakiza, ila utalipa. Lihesabu hilo leo, usije ukashtuka gadi akifika miaka 22 na mishahara yako imejaa mpaka juu.

Sasa jambo la tatu, ambalo naona wenzako hawakulifikiria kabisa: saa ya timu yako inasemaje?

Ulichonieleza, nyota aliyeumia, timu ikaporomoka, ukapata chaguo la juu usilolitarajia, kimewahi kutokea katika NBA mara kadhaa, na mara mbili kinafundisha mambo mawili tofauti. Msimu wa 1996–97, San Antonio Spurs walimkosa David Robinson karibu msimu mzima. Alicheza mechi sita. Walimaliza na ushindi 20 na vipigo 62, wakapata chaguo la kwanza, wakamchukua Tim Duncan. Duncan alikuwa na miaka 21, amemaliza miaka minne katika chuo kikuu cha Wake Forest, tayari kabisa. Robinson alikuwa na miaka 31. Mwaka 1999 wakawa mabingwa pamoja, ubingwa wa kwanza wa klabu hiyo, Robinson akiwa na miaka 33. Saa ya mkubwa na saa ya mdogo zilikutana.

Mwaka 2020, Golden State Warriors walikuwa katika hali inayofanana sana. Stephen Curry alivunjika mkono akacheza mechi tano tu, Klay Thompson hakucheza kabisa, timu ikamaliza na ushindi 15 na vipigo 50. Wakapata chaguo la pili. Curry alikuwa na miaka 32. Walimchukua James Wiseman, senta wa miaka 19 aliyekuwa amecheza mechi tatu tu za chuo kikuu. Mwaka 2022 wakawa mabingwa tena, lakini kwa nguvu za wakongwe; Wiseman alikuwa majeruhi msimu wote huo, na Februari 2023 akauzwa. Kijana hakuwa na kosa. Alihitaji dakika, makosa na miaka, na timu ile haikuwa na nafasi ya kumpa chochote kati ya hivyo kwa sababu Curry alikuwa anahitaji ubingwa sasa hivi.

Usiniambie basi kwamba fundisho ni kuchukua aliye tayari kama Spurs walivyofanya. Duncan alikuwa tayari na wakati huo huo alikuwa na kilele kirefu kuliko wote waliokuwapo. Senta wako yuko tayari kuwa mtu wa kawaida. Hatakupa wewe na nyota wako ubingwa katika misimu miwili iliyobaki, kwa sababu umeniambia mwenyewe kwamba waliobaki kikosini ni wa kawaida. Nyota wa 68 akisaidiwa na senta wa 52 na wa kawaida kumi atakupeleka katikati ya msimamo, na katikati ya msimamo ndipo mahali pabaya kuliko pote katika michezo hii: hushindi, na hupati chaguo la juu.

Gadi naye atakapokuwa na miaka 24, nyota wako atakuwa na 34. Hawatakutana. Ndiyo maana nasema ukimchukua gadi, nyota lazima aondoke. Ukimweka, utakuwa na timu yenye saa mbili zisizolingana ukutani.

Hapa lazima nimtaje ndugu yetu Hasheem Thabeet, maana kila ninapozungumza habari za drafti na vijana wa Tanga jina lake huibuka, na mara nyingi anazungumzwa isivyostahili. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili. Mtoto wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, akiwa na miaka 22. Nyuma yake, wa tatu, akachaguliwa James Harden aliyekuwa na miaka 19. Wa saba akachaguliwa Stephen Curry, miaka 21, baada ya miaka mitatu katika chuo cha Davidson. Watu husema: angalia, walimchukua mkubwa wakamwacha mdogo. Sikubaliani. Minnesota Timberwolves walikuwa na chaguo la tano na la sita, wakachukua magadi wawili wote wadogo kuliko Curry, Ricky Rubio wa miaka 18 na Jonny Flynn wa miaka 20, na Curry ndiye aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016. Harden alikuja kupata tuzo hiyo 2018. Katika drafti hiyo hiyo moja, mdogo alimshinda mkubwa na mkubwa akawashinda wadogo. Umri peke yake haukumwambia mtu kitu.

Na Thabeet alikuwa na jambo ambalo umri wa kuzaliwa hauonyeshi: alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15. Alipofika siku ya drafti alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa Big East, moja ya ligi za vyuo vikuu vya Marekani, mara mbili, 2008 na 2009, kwa miaka michache tu ya kuushika mpira. Memphis walikuwa wananunua kijana wa mpira katika mwili wa mtu mzima. Hoja hiyo ilikuwa na akili, hata kama haikuzaa walichokitaka. Nakueleza haya kwa sababu Basketball GM haina kitu kama hicho. Kule hakuna aliyechelewa kuanza. Senta wako wa miaka 22 ni wa miaka 22 kamili, usimtungie hadithi ya kwamba bado hajafunguka.

Turudi kwenye skrini. Kabla hujabonyeza, wafungue wote wawili uangalie ndani ya namba. Uwezo wa 42 unaweza kujengwa kwa njia nyingi, na njia moja inazeeka tofauti na nyingine. Urefu una uzito mkubwa, na kwa kawaida hauongezeki tena, isipokuwa mara chache kwa kijana mdogo sana. Kasi na kuruka hushuka mapema mchezaji anapoelekea miaka 30. Ufundi wa kufunga unadumu zaidi. Akili ya mchezo hupanda haraka kwa vijana na inakaa. Kwa hiyo gadi wa miaka 19 ninayemtaka mimi ni yule mwenye urefu mzuri kwa nafasi yake na kasi nzuri, ambaye namba zake mbaya ni za kurusha na za akili, hizo zinafundishika. Ukikuta ni kinyume, kwamba 42 yake imejengwa na mitupo huku ni mfupi na mzito, basi pointi nyingi alizokuwa azipate baadaye amekwisha kuzipata. Hapo ningerudi kumtazama senta kwa jicho jingine, au ningeliuza hilo chaguo la nne lenyewe kwa mchezaji wa miaka 24 au 25 aliyekwisha kujulikana. Chaguo ni mali kama mchezaji. Watu wengi hulisahau hilo mpaka jina limeshasomwa.

Kumbuka pia kwamba namba za drafti unazoziona zina ukungu. Mchezo unaonyesha makadirio ya maskauti wako, yaani watafuta vipaji wa timu yako, na bajeti ya uskauti ikiwa ndogo ukungu unakuwa mzito. Matokeo yake ni kwamba aliye juu kabisa katika orodha yako mara nyingi yuko pale kwa sababu ukungu ulimpendelea. Pointi mbili au tatu za tofauti kati ya vilele usizifanye vita. Tano, kama zenu, zinaanza kuwa na maana.

Fedha yako nyingine ipeleke kwa makocha. Katika Basketball GM dakika za kucheza hazimkuzi kijana, kwa hiyo huna sababu ya kumlazimisha gadi uwanjani akupotezee mechi. Kinachosogeza ukuaji ni kiwango cha makocha. Wanawasaidia vijana kupanda na wanapunguza kasi ya wakongwe kuteremka.

Sasa huyo nyota. Kompyuta hushusha thamani ya mchezaji kadiri anavyoukaribia na kuuvuka mwaka wa 30, kwa hiyo soko lako zuri ni wale wenzako watano. Wao wanamkumbuka alivyokuwa kabla ya kuumia, na wanaona 68. Mtafute yule anayeamini amebakisha mtu mmoja tu kuwa bingwa. Sisi tunaoipenda Coastal Union, timu ya mpira wa miguu ya hapa Tanga, tunaujua uchungu wa kuachia mtu: mwaka 2020 Bakari Mwamnyeto akaenda Yanga na Ibrahim Ame akaenda Simba, na 2022 Abdul Suleiman Sopu, aliyetoka kumfunga Yanga mabao matatu katika fainali ya Kombe la Shirikisho, akaenda Azam. Mkwakwani watu waliumia. Lakini angalia wakati wenyewe: kila mmoja aliondoka jina lake likiwa midomoni mwa watu. Nyota wako msimu huu bado ana jina. Akifika miaka 31 na 64, na mkataba umekwisha, utamwachia bure.

Kuhusu Top Eleven, hesabu inabadilika kwa sababu kalenda inabadilika. Msimu wake ni siku 28, na kila msimu mchezaji anaongeza mwaka. Kijana wa miaka 18 leo atakuwa na 22 baada ya miezi isiyofika minne. Kusubiri hakukuumizi kama kwenye ligi yenu, ambako msimu mmoja mnaucheza kwa wiki kadhaa. Faida ya mdogo kule ni kwamba mazoezi yanamwingia haraka, hasa kati ya 18 na 21, kwa hiyo unatumia vifurushi vichache vya kurejesha nguvu kwa kila hatua anayopanda. Aliyevuka 28 utamfanyisha mazoezi mpaka vifurushi viishe na hutaona kitu. Ila kumbuka pia kwamba mpira wa miguu una watu kumi na mmoja. Nyota mmoja hawezi kuziba pengo la beki dhaifu kwa namna ambavyo mtu mmoja anabeba timu ya kikapu. Kwa hiyo kule kamari ya upana haina faida kubwa kama hii. Mimi hununua vijana wazuri wa uhakika katika nafasi zote kuliko kumngojea mmoja wa ajabu.

Ipo michezo ambayo kilele ni dari kweli, na huko ndiko umri na kilele vinapaswa kupimwa kama vitu viwili mbalimbali. Katika Football Manager kila mchezaji ana uwezo wa sasa na uwezo wa mwisho, vyote katika kipimo cha 1 hadi 200, vimefichwa, na ule wa mwisho haupitwi. Katika BuzzerBeater, mchezo wa kikapu wa kwenye mtandao wenye drafti yake, wanaochaguliwa ni wa miaka 18 na 19 tu, na kilele ni dari laini: mchezaji akilikaribia, mazoezi yanakuwa mazito sana lakini hayasimami. Kule tofauti ya mwaka mmoja ni msimu mzima wa wiki 14 za mazoezi katika umri ambao anajifunza haraka kuliko wakati wowote, na anahitaji dakika 48 kwa wiki katika nafasi unayoifundisha ili apate zoezi kamili. Kwa hiyo wa miaka 18 mwenye dari la juu ni dhahabu kwa menja mwenye subira na mwenye dakika za kumpa, na ni mzigo kwa asiyekuwa nazo. Hattrick, wa mpira wa miguu, ni wa taratibu zaidi: mwaka wa mchezaji ni siku 112, hivyo kijana wa miaka 17 atafika 22 baada ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa maisha yako wewe. Kabla hujampenda kijana wa Hattrick, jiulize kama mwakani bado utakuwa unaucheza.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako badala ya kuniamini mimi, fungua ligi mpya ya majaribio ya Basketball GM, siyo lile faili la wenzako. Iache ijichezee yenyewe misimu kumi au kumi na tano, kisha nenda kwenye historia ya drafti. Pale unaona kila mmoja alikuwa na umri gani, uwezo gani na kilele gani siku aliyochaguliwa; mfungue mmoja mmoja uone alifika wapi. Watazame hasa wale wa miaka 19 waliokuwa na kilele kati ya 60 na 65. Utakuta wengi hawakufika, na utakuta wachache waliopita mbali. Baada ya hapo 62 ya gadi wako utaisoma vingine. Mchezo huu unahifadhi ligi ndani ya kivinjari, hauli bando sana, lakini mwambie huyo mwenzenu anayeshika faili alitoe na kuweka nakala mahali pengine kila mara. Akifuta data za kivinjari, ligi yenu imekwenda.

Na raundi ya pili, ambayo hukuniuliza: huko ndiko kanuni ya wenzako inapofanya kazi vizuri. Senta wa miaka 22 mwenye 44 anapatikana sokoni bila mkataba kwa mshahara wa chini kabisa, huhitaji drafti kumpata. Chukua wa miaka 19 mwenye sifa moja kubwa, hata kama zilizobaki ni mbovu. Ila kikosi kina nafasi 15 tu, na nyota ukimuuza utarudishiwa watu watatu au wanne. Hesabu viti kwanza, halafu ndiyo upokee.